Sahihi ya Mama Sumaku

Katika jumba la sayansi alikofanya kazi, hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Mama Sumaku, tangu enzi ambazo kichwa chake hakikuwa na mvi hata moja. Wengine walisema ni kwa sababu alianzia kwenye meza ya sumaku. Wengine, kwa sababu watoto walimganda kama misumari. Alikuwa mwelekezi, mtu wa kusimama kando ya kifaa na kumwambia mtoto "gusa", wakati kila mtu mwingine duniani anamwambia "usiguse". Kazi hiyo aliipenda na aliifanya vizuri, na hilo ndilo lililolifanya jambo lake liwe zito zaidi. Mtu mvivu akikosea, hata yeye mwenyewe hashangai.

Jumba lilipokuwa linatimiza miaka thelathini, mkurugenzi mpya, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole na daftari lisilombanduka mkononi, alitangaza kwamba maadhimisho yatakuwa ya mwaka mzima. Hakutaka keki na hotuba tu. Alitaka jumba litoke nje liwafuate watu sokoni, maktaba, vituo vya mabasi, zahanati. Kila mahali ipelekwe meza yenye vifaa vichache vya kuchezea, na kadi za rangi zilizoandikwa juu, "Unakumbuka nini?" Kadi zilizojazwa zingebandikwa kwenye ukuta mrefu wa ukumbini. Na nani wa kuipeleka meza hiyo kama si Mama Sumaku, aliyekuwapo tangu mwaka wa kwanza?

Miezi mitatu ya mwanzo ilikwenda vizuri. Muuza viatu mmoja aliandika kwamba alimpata mkewe kwenye foleni ya vioo vya kupotosha sura, "na mpaka leo anadai alidanganywa". Dereva alikumbuka nywele zake zilivyosimama wima alipogusa mpira wa umeme. Mama Sumaku alizisoma kadi zote na kucheka penye kucheka. Lakini kila jioni alilifungua boksi la kadi kama mtu anayefungua majibu ya hospitali. Alijua ipo kumbukumbu moja huko nje, na sasa yeye mwenyewe ndiye aliyetumwa kuitafuta.

Ilimpata zahanati, siku ya Jumatano, saa za chakula cha mchana. Wagonjwa walikuwa wamepungua kwenye mabenchi. Karani wa mapokezi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, alifunga dirisha lake, akaja mezani, akachukua kadi bila kuuliza. Aliandika kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umeishikilia kadi isiteleze, na katika mkono huo kidole cha shahada na cha kati viliishia kwenye pingili ya kwanza.

Mama Sumaku aliutambua mkono kabla ya uso.

"Nilikwenda mara moja tu, na shule," karani alisema, macho kwenye kadi. "Nilikuwa mtundu. Nikaonywa, nikavuka kamba, nikatia vidole kwenye magurudumu. Lakini mama, usinionee huruma. Kosa lilikuwa langu."

Alimrudishia kadi na kumwomba radhi kwa mwandiko. Mama Sumaku alisema mwandiko ni mzuri. Alikunja meza kabla ya wakati, akawaambia wenzake kichwa kinamuuma, na kwa kweli kilikuwa kinamuuma.

Mambo yalivyokuwa ni hivi. Miaka ishirini na minane iliyopita, jumba likiwa bado changa, kulikuwa na kifaa cha magurudumu yenye meno: unazungusha mpini, gurudumu kubwa linalisukuma dogo, dogo linalisukuma dogo zaidi, mpaka la mwisho linakwenda mbio huwezi kulifuata kwa macho. Asubuhi ile fundi alikuwa amefungua kifuniko cha plastiki ili atie mafuta. Alipoitwa kwingine alimwambia Mama Sumaku asimame hapo, asibanduke, mpaka arudi. Akasimama. Kisha wenzake wawili waliokuwa wanajaribu onyesho jipya la povu la sabuni wakamwita waone kama mtu mzima anaenea ndani ya povu moja. Akaenda. Waliinua pete kubwa kutoka chini mpaka juu ya kichwa chake, na kwa muda mfupi dunia yote ikawa ya rangi za upinde, inatetema, na yeye ndani yake anacheka. Humo ndani ndimo alimokuwa aliposikia mtoto analia.

Kamba haikuwapo. Onyo halikutolewa, kwa sababu wa kulitoa hakuwapo. Lakini meneja wa wakati ule aliandika taarifa kwamba mtoto alivuka kamba licha ya kuonywa, akawaita fundi na Mama Sumaku ofisini. Aliwaambia kwamba ukweli ukiandikwa jumba litafungwa, na watoto maelfu wasiojulikana watakosa, na vidole havitarudi. Fundi akatia sahihi. Mama Sumaku alikuwa na mtoto mgongoni na mkataba wa miezi sita. Akatia sahihi. Wiki iliyofuata kifuniko kikafungwa kwa skrubu, na tangu hapo kifaa hakijawahi kumdhuru mtu. Fundi alikwisha fariki, na yule meneja alihamia mbali. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa imebaki moja.

Aliishi na dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu, mjane kama yeye. Jioni hiyo alimweleza yote wakiwa wanachambua nguo za kufua. Dada mtu hakumlaumu wala hakumfariji. Alimuuliza swali moja: anataka kwenda kusema ili yule binti apate nafuu, au ili yeye apate? Mama Sumaku alisema hajui. "Basi nenda ukiwa hujui," dada yake alisema, "ila usiende kulia. Ukilia, itabidi akubembeleze, na huo utakuwa wizi wa pili."

Alikwenda Ijumaa. Alisubiri kwenye foleni na wagonjwa, na zamu yake ilipofika dirishani, karani alimwomba kadi ya matibabu. Mama Sumaku akamwambia kwamba siku ile hapakuwa na kamba. Hapakuwa na aliyemwonya. Aliyepaswa kusimama pale ni yeye, na aliondoka kwenda kuchezea sabuni, kisha akatia sahihi karatasi ya uongo.

Karani alimtazama kama anayesikiliza bei. Kisha akasema taratibu, "Mama, una watu nyuma yako." Akamwita anayefuata.

Siku tisa zilipita. Mama Sumaku aliendelea kupeleka meza, akaandikiwa kadi za furaha, akazibandika. Siku ya kumi karani alipiga simu, akiwa ameitoa namba kwenye tangazo la maadhimisho. Hakusalimia. Alisema baba yake yuko hai, ni fundi saa, na kwamba kabla ya ajali alikuwa ameanza kumfundisha. Akiwa na miaka minane aliweza kufungua saa ya mkononi na kutaja kila kipande kilichomo. Baada ya ajali baba hakumfundisha tena. Kazi ile ni ya vidole. Na kila alipomwona anapata shida kufunga vifungo alisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

"Sitaki uniombe msamaha wala sikupi," alisema. "Nataka uje umwambie yeye. Mimi nikimwambia hataniamini."

Nyumba ya mzee ilikuwa nyuma ya duka la rangi, chumba kimoja na ukumbi, safi kama meza ya daktari. Mzee mwenyewe alikuwa mwembamba, na juu ya paji la uso wake palikuwa na alama ya kamba ya lenzi aliyoivaa miaka hamsini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu ukae."

Alikaa kwenye ncha ya kiti. Karani alibaki amesimama mlangoni. Mama Sumaku alieleza kama alivyoeleza dirishani, bila kuongeza wala kupunguza, na alipofika kwenye povu la sabuni sauti ilitaka kukatika, akaimeza.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Alilaza kitambaa cha meza ambacho tayari kilikuwa kimelala.

"Aliniambia," alisema.

Mama Sumaku hakuelewa. Akauliza nani.

"Huyu. Siku ile ile, wodini. Aliniambia, baba, hapakuwa na mtu. Mimi nimeshasoma karatasi ya wakubwa, ina mhuri na sahihi mbili. Nikamwambia asiongeze uongo juu ya utundu." Hakumtazama mtoto wake. "Akasema mara ya pili. Nikamchapa kofi. Mkono wake ukiwa na bandeji. Mara ya tatu hakusema."

Karani aliushika mwimo wa mlango. Alisema hakumbuki. Alisema anachokumbuka ni kamba, ya rangi nyekundu, na sauti ya mwanamke inamwambia asogee nyuma. Miaka yote ameiona ile kamba. Alisema hivyo mara mbili, kama mtu aliyepekua mfuko na kukuta hakimo alichokiweka.

Mzee aliinuka, akaingia chumbani, na hakutoka. Baada ya muda karani alimwambia Mama Sumaku kwamba anaweza kwenda.

Jumatatu Mama Sumaku alikwenda kwa mkurugenzi na kadi ya karani mkononi. Alieleza na huko. Mkurugenzi aliweka daftari chini, jambo ambalo hakuna aliyepata kuliona, akasikiliza kwa uso wa mtu anayeumia kweli. Kisha akaenda kabatini, akarudi na faili la zamani, akalifungua kwenye ile taarifa.

"Hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Sasa mama yangu, niambie. Nimwamini wewe wa leo au wewe wa wakati ule?" Hakuuliza kwa kejeli, alitaka kujua. "Maana wote wawili mnaniapia."

Mama Sumaku aliomba kadi ibandikwe ukutani pamoja na nyingine, na chini yake aandike yeye ukweli kwa mkono wake. Mkurugenzi alisema ukuta ni wa maadhimisho, hauwezi kubeba kila kitu. Aliahidi barua. Barua ilitoka baada ya wiki sita, imepita kwa wanasheria, nayo ilisema kwamba "huenda taratibu za usimamizi hazikuzingatiwa kikamilifu". Karani aliipokea dirishani kwake, akaisoma, akaichomeka kwenye rundo la barua zilizohitaji kujibiwa. Hakuijibu.

Mama Sumaku aliondolewa kwenye meza ya mtaani. Hakuna aliyemwambia ni adhabu. Aliambiwa apumzishe miguu. Wenzake walipunguza mizaha alipokaribia. Wengine walimwona shujaa aliyechelewa, wengine walimwona mzee anayechafua sherehe, na kwa maoni yake wote walikuwa sawa. Siku ya kilele ilipofika, bendi ikapiga, povu kubwa la sabuni likainuliwa juu ya mgeni rasmi, watu wakapiga makofi. Lilipotajwa jina la mfanyakazi wa miaka mingi kuliko wote, alikuwa chini kwenye stoo anahesabu viti. Dada yake alimwambia baadaye kwamba angalau alikuwa amekaa, akipumzisha miguu kama alivyoagizwa. Lilikuwa jaribio la mzaha, na wote wawili walilipokea hivyo.

Karani hakuja siku hiyo, wala siku nyingine yoyote.

Aliyekuja ni mzee. Ilikuwa Jumanne ya kawaida, mvua inanyesha, ukumbi una darasa moja tu la shule. Alikuwa amevaa koti, na lenzi yake imening'inia shingoni. Hakumsalimia Mama Sumaku. Alimuuliza kifaa kiko wapi, akapelekwa. Akakitazama juu mpaka chini kama anayetazama saa ya mteja.

"Wewe ulikuwa wapi?"

Alimwonyesha. Pale palipokuwa na povu sasa palikuwa na darubini. Mzee alisimama kwenye magurudumu, akageuka, akaanza kutembea kuelekea kwenye darubini, akihesabu kwa midomo. Watoto wa shule wakampisha. Alipofika, akageuka tena, akarudi, akihesabu upya kama kwamba mara ya kwanza alikosea.

"Kumi na tisa," alisema. "Mimi na miguu yangu hii."

"Ndiyo, mzee."

"Ni karibu."

"Ni karibu," alikubali Mama Sumaku.

Alidhani atasema jingine, na alikuwa tayari kulipokea, lolote liwalo. Lakini mzee alivaa lenzi, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kifuniko cha plastiki, akazungusha mpini polepole. Magurudumu yakageuka. Alikaa hivyo kitambo, akigeuza mbele, akigeuza nyuma.

"Hili la tatu meno yake yameanza kulika," alisema. "Mwambieni fundi wenu."

Akavua lenzi, akaifuta kwa pindo la koti, akatoka kwenye mvua. Mama Sumaku alichukua daftari la hitilafu lililoning'inia ukutani, akaandika tarehe, akaandika gurudumu la tatu, na mahali pa aliyetoa taarifa akaandika, "Baba wa mtoto." Kesho yake fundi alifungua skrubu, akalitoa gurudumu, akaligeuza kwenye mwanga, na kumuuliza huyo mtu ameonaje, maana kwa macho ya kawaida kulika huko hakuonekani.