Safari Yangu ya Kuulizia Maji ya Kijani

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya ng'ombe waliokufa na wazee watatu waliofungwa kwa ajili yao. Vita ya Maji Maji ilikuwa imekwisha upande wetu wa Songea, kama kuisha ni kule kunyamaza kwa bunduki. Wadachi walikuwa wamechoma maghala na mashamba, na ng'ombe wa vijiji vingi walikuwa wamekusanywa katika kambi moja ya askari, mwendo wa asubuhi moja kutoka mjini. Mimi nilichukuliwa kuwachunga. Wengine walikuwa ng'ombe wa baba yangu, nikiwajua mmoja mmoja kwa majina, lakini hawakuwa wetu tena.

Kambi ilikuwa imeziba kijito ili ipate bwawa. Zizi lilijengwa mteremkoni, juu ya bwawa lenyewe, na samadi yote ilishukia majini pamoja na majivu ya vilima vilivyochomwa. Kiangazi kilipokaza na upepo ukalegea, maji yakageuka kijani. Ilikuwa kama rangi iliyomwagwa, imetanda juu ya maji na kuganda nene upande mmoja wa ukingo, ikinuka uozo. Asubuhi moja ng'ombe sita walikunywa upande huo. Jua lilipofika utosini walikuwa wamelala chini, miguu inatetemeka, na jioni wote walikuwa wamekufa.

Mzungu wa kambi hakuhitaji kufikiri sana. Alisema watu hawa walipigana kwa maji, sasa wanaua kwa maji. Akamfunga Mzee Ngonyani, baba wa mke wangu, pamoja na wazee wenzake wawili, kwa kuwa walijulikana kuwa waligawa dawa ya maji wakati wa vita. Ni kweli mkwe wangu aligawa dawa ile. Alininyunyizia hata mimi. Lakini bwawa la kambi hakuwahi kulikaribia hata mara moja.

Kati ya wapagazi alikuwapo mtu wa Ziwa Nyasa. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba maji ya namna ile huja kwao karibu kila mwaka, na kwamba dada yake, Salome, anayafahamu kuliko mtu yeyote. Yeye mwenyewe hakuthubutu kusema neno mbele ya Mzungu. Nikamwendea mkalimani, mtu wa pwani aitwaye Shabani, anipeleke kwa huyo Mzungu kuomba ruhusa. Mzungu alinisikiliza huku akisafisha kiko chake. Mwishoni akanipa cheti cha njia na siku kumi na nne. Shabani akanifasiria kwamba kesi ya wazee itangoja mpaka nirudi. Nilimwamini. Nilitaka sana kumwamini.

Siku ya kwanza nilipita kwa wakwe zangu kuaga. Mama mkwe wangu alizungumza nami akiwa nyuma ya ukuta, kama desturi yetu inavyotaka, kwa kuwa mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Aliniuliza kama nitarudi na mumewe. Nikasema nitarudi na sababu ya yeye kufunguliwa. Akanipa mizizi ya porini iliyochemshwa ndani ya jani. Ndicho chakula tulichokuwa nacho mwaka ule.

Siku ya pili na ya tatu nilikwenda upande wa magharibi. Niliuvuka mto Ruvuma pale ulipo bado mdogo, maji yakinifika magotini, nikapita Peramiho, ambako kuta za misheni zilikuwa zimesimama nyeusi bila paa. Vijiji vingi havikuwa na moshi. Katika kimoja nilimkuta mwanamke ameketi mlangoni, nikamsalimu, hakuitika. Nilipokaribia niliona kwamba anapumua na macho yake yako wazi. Nilimwachia nusu ya mizizi yangu nikaenda zangu, na mpaka leo sijui kama aliila.

Siku ya nne nilipanda milima ya Wamatengo. Kule mashamba yao ya mashimo yalikuwa bado yanashika udongo kwenye miteremko mikali, na mvua ikinyesha kila shimo hunywa sehemu yake. Mzee aliyenilaza alinipa ugali, wa kwanza kwangu kwa miezi mingi. Nilimweleza habari za bwawa. Aliniuliza kama vilima vya kwetu vimechomwa. Nikasema vyote. Akasema basi udongo wenu umehamia majini, mkautafute huko. Nilidhani ananitania, kumbe alikuwa anasema kweli tupu.

Siku ya sita, mchana, niliteremka hadi ziwani. Nilikuwa nimetazamia maji ya buluu niliyosikia yakisifiwa, na mbali kweli yalikuwa ya buluu. Lakini ndani ya ghuba, pale mitumbwi ilipovutwa mchangani, yalikuwa kijani kilekile.

Salome alikuwa mjane wa makamo, mwenye mikono minene ya mtu anayefinyanga vyungu. Nilimpa salamu za kaka yake, akanikaribisha samaki, akanisikiliza mpaka mwisho. Alichukua chungu, akanipeleka ufukweni, akateka yale maji mazito, akakiweka chungu kivulini. Akaniambia tungoje. Tulipokitazama baadaye, kijani chote kilikuwa kimepanda juu kama malai ya maziwa, na chini maji yalikuwa maangavu.

"Uchafu huzama," alisema. "Hiki kinapanda chenyewe, kwa sababu ni kitu hai. Ni majani, ila madogo kuliko jicho lako linavyoweza kuona."

Alinifundisha siku ile na kesho yake. Alisema ziwa lote lina majani hayo madogo siku zote, na si mabaya. Upepo mkali wa kusini ukivuma majira ya baridi, hulivuruga ziwa toka chini, maji yakapata rutuba, majani yakaota, vidudu vikayala, na usipa, samaki wadogo wa kwao, wakavila vidudu. Bila kijani hakuna samaki, na bila samaki yeye asingekuwapo. Kibaya ni pale upepo unapokufa, jua likachoma siku nyingi, na mvua za nyuma zimekwisha kuleta udongo na samadi kwenye ghuba. Hapo huota aina nyingine, huyashinda yale mema, huelea, na upepo mdogo huyasukuma yakarundikana upande mmoja. Hapo ndipo mbuzi hufa. Kuchemsha hakusaidii. Dawa yao ni kuondoa mifugo upande ule, kuchimba shimo mchangani hatua kadhaa kutoka ukingoni, na kuteka yale yanayochuja chini kwa chini.

Aliniambia pia kwamba zamani, alipokuwa msichana, kijani kile kilikuja mara chache. Tangu vilima vilipochomwa wakati wa vita, kinakuja mapema na kinakaa. Nikamuuliza ni nani aliyeambiwa ameweka sumu, kwao. Hakunielewa. Nilirudia swali. Akasema hakuna mtu anayeweza kutia sumu ziwa, kwa nini watu waseme hivyo?

Nilimwomba kibuyu cha maji yale, nimwonyeshe Mzungu kwa macho yake namna kijani kinavyopanda chenyewe. Alinijazia, akakifunga kwa nta.

Siku ya nane nilianza kurudi, mbio zaidi kuliko nilivyokwenda. Siku ya kumi mvua ilinikuta milimani, mvua ya kwanza ya mwaka, nzito, ikanilowesha mpaka mifupa. Nilifurahi. Nilifikiri juu ya mashamba.

Siku ya kumi na mbili, mchana, nilifika kambini, siku mbili kabla ya muda wangu. Shabani alinikuta kwenye kizuizi cha njia, akanivuta pembeni. Alisema wazee wamenyongwa siku nne zilizopita. Ng'ombe wa maziwa wa Mzungu alikuwa amekunywa akafa, na Mzungu hakungoja tena. Halafu mvua ikanyesha, bwawa likafurika, maji ya kijani yakamwagika yote juu ya ukingo yakaenda zake. Sasa yalikuwa ya matope, kisha yatakuwa safi. Mzungu alikuwa akiwaambia wageni wake kwamba tangu awanyonge watu wa sumu, maji yake yamepona.

Nikamwonyesha Shabani kibuyu. Akakitazama kama mtu anayetazama nyoka.

"Ukimpa hicho, utakuwa wa nne," alisema. "Mtu anayetembea na maji yanayoua, utamwambiaje kwamba si sumu?"

Nilikwenda nyuma ya zizi, nikakimwaga kibuyu nyikani. Kisha nikaingia kwa Mzungu, nikarudisha cheti, na aliponiuliza nimepata nini nikasema sikupata kitu. Akacheka kidogo. Nikarudi kuchunga.

Wazee walizikwa bila matanga, kwa amri. Mashamba yao yaligawiwa wengine. Watoto wao wakaitwa watoto wa watu wa sumu, na si na Wadachi tu. Majirani nao walisema hivyo, watu ambao zamani walikula nyumbani kwa Mzee Ngonyani. Mke wangu aliacha kwenda kisimani mchana. Mimi nilikaa kimya mwaka mzima. Nilijiambia kwamba kusema hakutawafufua.

Kiangazi kilichofuata bwawa likawa kijani tena. Mzungu alikuwa mwingine, kijana zaidi, na nilipoona askari wameanza kuuliza majina ya wazee waliobaki, miguu yangu ilinipeleka yenyewe. Nilimweleza yote kupitia kwa Shabani. Tulimnywesha mbuzi mmoja maji ya upande ulioganda, mwingine maji ya shimo nililochimba mchangani. Wa kwanza alikufa, wa pili akaendelea kula majani. Nikamwekea maji kwenye bakuli, akaona kijani kinavyopanda. Alisema ni jambo la kupendeza sana. Aliamuru zizi lihamishwe chini ya bwawa na mashimo yachimbwe. Hakuna aliyefungwa. Juu ya wale watatu alisema hayo yalikuwa mambo ya mtu aliyemtangulia.

Habari ilienea siku hiyohiyo. Jioni nilikuwa nachimba shimo la kijiji karibu na kijito, mama mkwe wangu akaja na mtungi wake. Niligeuka pembeni, kumpa heshima yake. Yeye hakugeuka. Alizunguka akasimama mbele yangu, akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nimwoe binti yake.

"Mwaka mzima tumeitwa watu wa sumu," alisema. "Na wewe ulikuwa unajua?"

Nikasema nilikuwa najua.

Kisha akajaza mtungi wake shimoni, polepole, asiyachafue maji, akaondoka. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na aliwafundisha wanawake wa vijiji vitatu kuchimba mashimo yale na kuutambua ukingo mbaya kwa upepo. Akiulizwa ametoa wapi elimu hiyo, alisema imetoka kwa mwanamke mmoja wa ziwani. Jina langu hakulitaja, wala mimi sikumlaumu.