Miguu ya Mama katika Udongo wa Julai

Kila nilipomsikia mtu akisema Afrika haina baridi, nilitamani nimpeleke Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi kule Malawi, mwezi wa Julai, saa kumi na mbili asubuhi, akanyage udongo wa matofali kwa miguu mitupu.

Matofali hufyatuliwa kiangazi, maana mvua ikiyapiga kabla hayajakauka yanarudi kuwa tope. Na kiangazi cha kule ndicho baridi yenyewe. Upepo ulipita kwenye kuta za plastiki za nyumba yetu kana kwamba hazipo. Mwaka 2011 Mama alikuwa anakohoa tangu Mei, nami niliapa kumjengea chumba cha matofali kabla ya mvua. Ufundi nilijifunza mwenyewe, kwa kuchunguza kuta za wengine.

Mama alikanyaga udongo, mimi nilishika kalibu ya mbao ya kufyatulia. Nilikuwa nimevaa viatu. Naandika hilo kwa aibu. Nilisema kalibu inataka mkono wa mtu mmoja, tena mkono wangu. Visigino vyake vilipasuka mpaka vikatoa damu. Nilienda soko la Tsoka, Lilongwe, kumtafutia buti za mpira. Muuzaji akanicheka, akaniita kaka kwa Kichewa: "Buti sasa? Mvua iko wapi, achimwene?" Nilikasirika, nikaondoka bila hata kuuliza bei. Hasira ilikuwa yangu, buti alizikosa Mama. Alijipaka mawese, nayo yalikuwa yameganda kwenye chupa, akayachokoa kwa kijiti.

Asubuhi moja akapita mgeni wa shirika fulani, koti limefungwa mpaka kidevuni, glavu mikononi. Alipiga picha miguu ya Mama, kisha akaniomba nimtafsirie Mama: acheke kidogo.

"Mwambie aingie humu," Mama akasema, "mi nitacheka mpaka jino la mwisho."

Nilitafsiri neno kwa neno. Mgeni akacheka yeye, akasema ninyi mmeshazoea, akarudi kwenye gari lenye vioo vilivyopandishwa. Kuzoea! Nani anazoea kutosikia vidole vyake? Nikamlaani kwa Kiswahili na kwa Kifaransa changu kibovu.

Halafu nikatazama safu ya matofali. Moja lilikuwa na ufa.

"Mama, udongo haujalainika. Kanyaga tena."

Aliingia tena topeni, akauma midomo ili asigune, nami nikamwona. Yule mgeni alikuwa ameomba kicheko tu. Mimi niliomba miguu.

Nikavua viatu.

"Toka, Mama. Shika kalibu."

"Mi? Si we njo ulisema sijui kalibu?"

"Shika tu."

Baridi ilinichoma nyayo kama moto, kisha nyayo zikapotea kabisa. Tofali lake la kwanza lilitoka limepinda kama mkate uliokaliwa. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Sema," Mama akaniambia. "Sema basi, bosi."

Sikusema. Nilikanyaga.