Bizari Niliyompelekea Mzazi

Nakumbuka siku moja kule Ulyankulu, mwanangu, mvua zikielekea kuisha, na mpaka leo nikiiwaza najishika kifua. Nilikuwa na miezi minane tu tangu nitoke kwetu Chemchem, Tabora mjini, nikaolewa kwa wakulima wa tumbaku. Nilikwenda na sanduku moja la nguo na kiburi cha kujaza masanduku mawili. Kiburi chenyewe kilikuwa cha bizari. Kwetu mjini bizari tumezikuta. Zililetwa na misafara ya zamani kutoka pwani, misafara ikaisha, zenyewe zikabaki jikoni. Mama alinifundisha kuzichambua, kuzikaanga kwa moto mdogo, kuzitwanga na kuzichekecha. Basi nikajiona mimi ndiye mjuzi, wakwe zangu wote washamba.

Wifi yangu Sesilia, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Mkono mtupu haulambwi, nami nikaamua kumpelekea bizari ya uji wa mzazi: pilipili manga, iliki, mdalasini, karafuu na tangawizi kavu. Kinu kikubwa kilikuwa na kisamvu. Nyuma ya mlango nikakiona kinu kidogo cha mama mkwe, cheusi ndani, kimegandwa na unga mkavu. Kwetu kinu kidogo kazi yake ni iliki tu. Mama mkwe alikuwa bani, kule wanakokaushia tumbaku, na mimi nikaona uvivu kumfuata kumuuliza.

Sikukiosha. Nilijua maji ni adui wa bizari, ukitwangia kwenye kinu chenye unyevu huvunda. Nikapangusa kwa kitambaa, nikatwanga. Utaniuliza, hukusikia harufu? Mwanangu, msimu ule nyumba nzima, mashuka, hata nywele zetu zilinuka tumbaku. Pua ilishazoea.

Asubuhi ya Jumamosi nikampelekea Sesilia kopo lake, nikamwambia asibane mkono. Naye hakubana. Kabla ya saa sita tukasikia yowe. Tulimkuta amelala sakafuni, jasho linamtiririka, anatapika mpaka nyongo, macho yamegeuka. Nilidhani anakata roho mbele yangu. Mume wake akampakia kwenye baiskeli kumkimbiza zahanati, sisi tukabaki uani na kichanga kinalia.

Hapo ndipo mtu mmoja akauliza, "Leo nani kaingia humu?"

Mwingine akajibu, "Bibi Kabula. Kaja asubuhi, kampakata mtoto."

Bibi Kabula alikuwa mjane, mzee sana, anaishi peke yake karibu na kisima, macho yake mekundu kwa moshi wa miaka mingi. Katika nchi yetu ile, mwanangu, mzee mwenye macho mekundu huitwa mchawi, na anaweza kufa kwa sababu ya macho hayo tu. Vijana wakaanza kunong'onezana, mmoja akaenda kuchukua panga. Na mimi, niliyesoma mjini, nikafungua kinywa changu nikasema, "Lisemwalo lipo." Naona haya kukusimulia, lakini nilisema.

Mama mkwe aliingia ndani, akatoka na sufuria ya uji na lile kopo langu. Akachovya kidole kwenye bizari, akalamba, akatema.

"Umetwangia wapi hii?"

"Kwenye kinu kidogo, mama."

"Kile cha ugoro wangu?"

Ugoro! Tumbaku ya kunusa, aliyoitwanga humo tangu mume wangu hajazaliwa, nami nimeibandua yote kwa mchi nikamnywesha mzazi. Heri mtoto alikuwa hajanyonya tangu uji ule.

Mama mkwe angeweza kunificha. Nilikuwa mke wa mwanawe, na aibu yangu ilikuwa yake. Akanishika mkono, akanisimamisha katikati ya ua. "Ulimi uliosema lisemwalo lipo, ndio huo huo useme sasa." Nikasema yote, mbele ya watu wote. Yule kijana akaweka panga chini.

"Bado," akasema mama mkwe. "Nenda kwa Kabula, umwambie mwenyewe."

Nikaenda mbio. Mlango wake ulikuwa wazi. Alikuwa amefunga kanga mbili na sufuria kwenye kifurushi, maana habari ilimfikia kabla yangu. Aliponiona, yule mzee mwenye umri wa bibi yangu akapiga magoti mbele yangu. "Mwanangu, msinikate," akasema. "Naondoka mwenyewe." Nikaanguka chini nikalia naye, na nilipomweleza kosa ni langu, alibaki anauliza, "Kwa hiyo naweza kulala hapa leo?" Aliuliza hivyo mara tatu.

Sesilia alirudi jioni, amedhoofika lakini mzima. Bibi Kabula aliishi miaka mingine mingi, ila hakupakata tena mtoto wa mtu. Hilo sikuweza kumrudishia.

Basi sikia, mwanangu. Siku hizi mnatengeneza bizari za zawadi, mnazitia kwenye vichupa vya kupendeza, na mnafanya vizuri. Lakini kitu kinachoingia tumboni mwa mwenzio kijue mpaka chombo chake, na chombo cha watu usikiguse kabla hujauliza. Kuuliza si ujinga. Na mwenzio akipatwa na baya, kabla hujamtafuta wa kumlaumu, kabla hujarusha neno kwenye simu, kwanza rudi jikoni kwako ukatazame mikono yako. Ukikuta kosa ni lako, lipeleke kwa miguu yako mwenyewe, na ukimbie, maana mahali fulani kuna mtu anafunga kifurushi.

Mungu akupe ulimi mzito wa kushutumu na mwepesi wa kukiri. Kila mzee atakayekuona ukifika mlangoni pake, asiwe na sababu ya kupiga magoti. Amina.