Nafasi ya Kuanikia Dagaa

Kashindye alitoka mahabusu akinuka mkojo, akaenda moja kwa moja ufukweni Igogo anakoanika dagaa. Kosa lake lilikuwa kusimama getini kwa kiwanda cha rangi na kusema maji yao machafu yanaingia kwenye samaki. Nafasi yake alikuta imetandikwa turubai la Zakia, ambaye siku ile alisimama naye getini, akakimbia polisi walipofika.

"Umetuharibia soko, dada," alisema Zakia. "Waambie watu ulidanganya, nikurudishie nafasi."

Kashindye akaokota dagaa mmoja mkavu turubaini, akamnyooshea. "Tafuna huyu kwanza."

Zakia akageuza uso, akaziba mdomo kwa kanga.

"Basi kauze. Watoto wa wenzako watakula." Kashindye akatema mate mchangani, akaondoka.