Mama Mkwe na Spana Namba Kumi na Nne

Jamani, leo mama mkwe amenikuta chini ya gari, kifua wazi, nimekumbatia giaboksi.

Mnanijua kwa kununua vifaa. Kila nikienda sokoni narudi na spana, soketi, juzi grenda. Jeki ya giaboksi tu ndiyo sina. Nikasema aah, giaboksi nitaibeba kwa mikono.

Kweli nimeipandisha. Bolti moja nimeikaza kwa vidole tu.

Nanyoosha mkono nichukue spana namba kumi na nne, haifikiki! Na mke wangu katoka.

Mara, "Hodi!" Naona kandambili na pindo la kitenge.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona sikuoni?"

Nyie, kwetu mkwe hata kumtazama usoni ni kazi. Leo nimtume spana, nimelala chali? Lakini nikiachia giaboksi, mbavu zimekwisha.

"Mama, nisamehe sana. Naomba hiyo spana."

Akanipa mgongo kwa heshima, akaisukuma kwa ncha ya mwavuli mpaka ikanifikia. Nikakaza, nikapumua.

"Karibu barazani, mama. Mwanao anarudi sasa hivi."

"Sikai, baba. Dada yangu yuko hoi kule Hanga, wanasema nimuwahi. Nikasema mkwe wangu si ana gari."

Gari! Shafti za kuzungusha magurudumu bado ziko kwenye karai!

Nani hapa Songea ana gari linalotembea? Nijibuni haraka.

Mama mkwe ameshakaa kiti cha mbele cha gari hili hili, mkoba mapajani, amefunga mkanda.

Mimi bado niko chini.