Fundi Aliyekufa Mlangoni kwa Mama

Juzi wanafunzi wangu waliniuliza ni mwigizaji gani bora kuliko wote niliowahi kumwona. Walishika kalamu wakingoja jina la ng'ambo, kwa kuwa wanajua nilisoma huko, nami sikosi kuwakumbusha. Ukweli ni kwamba huko nililala usingizi katika kumbi nyingi za fahari. Nikawajibu: seremala mmoja wa kiwanda cha majani chai, Kericho, nilipokuwa msichana wa miaka tisa. Wakacheka. Wewe usicheke kwanza.

Nyanya na mimi tulitoka magharibi, tukaishi katika kambi ya wafanyakazi pamoja na watu wa ziwani, na Wakipsigis wa jirani wakituletea maziwa ya kibuyu. Nyanya alifanya kazi kwenye ghorofa ya kiwanda, kule majani mabichi yalikotandazwa juu ya vichaga vya mbao na gunia ili yanyauke. Harufu ya pale, tamu kama matunda yaliyoanza kuiva ndani ya kapu, bado ninayo puani. Vichaga hivyo vilitengenezwa na seremala huyo, Mtaliano mwenye nywele nyeusi ndefu, alizozipaka mafuta kila asubuhi kama bwana arusi.

Alitusimulia maisha yake huku akipiga misumari. Alizaliwa nyuma ya jukwaa, baina ya onyesho la mchana na la jioni. Baba yake mwigizaji, babu yake mwigizaji. Nyanya alielewa mara moja, maana kwetu pia kuna koo za wahunzi. Mtaliano alianza kwa kuigiza mtoto mchanga, akapanda hadi wezi, kisha wafalme, katika miji asiyoweza kuihesabu. Baadaye sinema zisizo na sauti zikawafanya watu wamsimamishe barabarani. Halafu sinema zikaanza kusema. "Mashine haikupenda sauti yangu, mama," alimwambia nyanya. Akapanda meli. Kambini hakuna aliyemwamini ila nyanya, naye aliamini nusu.

Lakini alikuwa na kopo la bati, na ndani yake kipande cha mwisho cha filamu yake moja. Jumapili moja meneja alileta mashine ya sinema. Baada ya kanisa tukajazana ghorofani, madirisha yamezibwa kwa magunia, jua likichungulia kwenye matundu. Kwenye shuka iliyotundikwa ukutani akatokea fundi wetu, kijana, akivuka shamba huku ameshika ubavu unaotoka damu. Mbele yake kuna nyumba, na ndani mama mzee anakanda unga, ameupa mlango mgongo.

"Geuka, mama!" nyanya akapiga kelele. "Geuka, mtoto amefika!"

Yule mama hakugeuka. Mtaliano akaanguka hatua moja kabla ya kizingiti, taratibu, kama nguo inayoteleza kutoka kambani. Kidole chake kimoja kikagusa mlango. Kikatulia.

Nyanya alianza kuomboleza. Wanawake wote wakaitikia, wakimsifu marehemu: mpole wetu, fundi wetu, mtoto wa watu aliyefia mlangoni. Naye amesimama kando ya mashine, hai kabisa, akilia kuliko sisi sote.

Jumatatu hakuna aliyegusa vichaga alivyotengeneza. Nyanya alituambia kwamba mtu aliyeliliwa akiwa hai hutembea na kifo mgongoni mpaka atakaswe, na hata wasio wa kwetu waliona heri kutojaribu.

"Mimi sishiki mbao ya marehemu," akasema mpakiaji mmoja wa ziwani. "Bwana Maiti, likizo yako inaisha lini?"

Watu walicheka, ila kwa mbali. Majani yasiyotandazwa yakaanza kupata moto na kuharibika ndani ya vikapu. Meneja akapanda ngazi, uso mwekundu.

"Waonyeshe ni mchezo tu! Anguka hapa hapa, uinuke, waone. La sivyo funga sanduku lako uende."

Tukamzunguka fundi. Ingetosha aanguke mara moja, ajipanguse vumbi. Mtaliano akamgeukia nyanya.

"Mama, kwenu mtu hutakaswa vipi?"

"Kwa kondoo. Na hizo nywele, mwanangu. Zote."

"Upuuzi!" akafoka meneja.

"Bwana, walilia," Mtaliano akamjibu. "Siwezi kuwaambia walilia bure."

Kondoo alinunuliwa sokoni Roret, akachinjwa. Nyanya alimnyoa Mtaliano kwa mkono wake, uani, mbele ya kambi nzima, naye alikaa wima kama anayevishwa taji. Kichwa kilipobaki cheupe kama yai, yule mpakiaji alikuwa wa kwanza kumpa mkono. "Karibu duniani," akasema. Mchana ule ule vichaga vikajaa.

Vita vya Waingereza na Wataliano vilipokuja, lori la serikali lilimchukua kwa kosa la kuwa Mtaliano, na hatukumwona tena. Kopo lilibaki kwetu. Unyevu wa Kericho ukaila filamu mpaka ikawa gundi. Vichaga vya gunia havipo tena, wala nyanya hayupo.

Nilipoingia chuo kikuu ng'ambo, nyanya angali hai, nilifundishwa jinsi kuanguka kule kunavyofanywa: goti kwanza, kisha nyonga, kisha bega. Nikarudi likizoni na daftari langu, nikamkuta nyanya akiwasimulia wajukuu wadogo habari za fundi aliyekufa akafufuka. Akanigeukia.

"Wewe msomi, huko wamewaeleza alivyofanya?"

Nikalikalia daftari. "Hapana, nyanya," nikasema. "Hata maprofesa hawajui."