Shu ya Kutwanga Sawa Pondu

Juzi jirani yangu, mwenye ameolewa hata mwezi mbili haijapita, aliingia ku lupango ya nyumba yetu na shu mbili, ile kabichi ya bazungu, ndani ya kitunga, uso sawa mutu mwenye bamemupa mutoto wa wengine abebe. Alizinunua ku soko ya Makiso, zilishuka na ndege toka kule ku milima ya baridi ya Kivu. Bwana yake anafanya kazi ku biro, ku ofisi, donc anapenda kula vitu ya batu ya biro. Akaniuliza: "Yaya, dada yangu, hii kitu banapikaka namna gani? Ya kwanza nilichemsha, bwana akasema anaonja maji ya kufulia."

Nilimuonyesha kuipika na mawese na samaki ya moshi, akaenda na furaha. Mi nilibaki na harufu ku mikono. Bon, rafiki yangu, vuta kiti. Sina masomo mingi, niliachia ku mwaka ya tatu primaire, lakini ku mambo ya shu mi niko profesa. Nilikula shu mpaka jasho yangu ilinuka shu.

Papa yangu alikuwa mupishi wa bazungu, hapa hapa Makiso, ku nyumba moja ya veranda kubwa. Madame njo alimufundisha shu. Alikuwa anaichemsha toka asubui mpaka inakosa nguvu ya kujitetea, kisha anaweka siagi juu yake sawa mutu anaweka maua ku kaburi. Harufu ilikuwa inafika ku kanyumba yetu ya nyuma, kenye batumishi balikuwa banalala, na mama anafunga dirisha.

Kisha dipanda, ile uhuru, ikakuja. Batu balicheza ku barabara siku tatu. Madame alipanda ndege na valizi mbili na paka yake, akaachia papa funguo na bustani, akasema achunge nyumba, batarudia. Papa alichunga. Bengine balipata dipanda, sie tulipata shu.

Ku joto ya huku kwetu shu haikubali kufunga muzuri. Kichwa inabaki ndogo sawa ngumi ya mutoto, lakini majani ya inje inakuwa mikubwa na migumu sawa masikio ya tembo. Bazungu balikuwa banatupia sungura ile majani. Papa hakutupa kitu. Kazi yangu ilikuwa kutosha viwavi ku majani moja moja kila asubui mbele ya jua kupanda, na kupepea moto. Papa alikuwa anakata shu nyembamba, anaifunga ndani ya majani, namna banaita liboke, na tusamaki tudogo twa ku maporomoko, kitunguu na pilipili, anaizika ndani ya majivu. Siku ingine anakunja majani yake na lituma ndani, ile ndizi ya kuponda, anaiachia ku supu ya karanga inatokota polepole. Ile muti ya katikati ya shu, yenye batu banatupaka, alikuwa anaimenya, anaikaranga na chumvi, inalia ku meno. Alikuwa anasema shu haina ladha yake mwenyewe, njo maana inasikilizana na kila mutu.

Mi kazi yangu ya pili ilikuwa mudomo. Nilikuwa naiga Madame, naiga padri mwenye makohozi, naiga mwalimu wetu vile alikuwa anatafuta kalamu na iko ku sikio yake. Papa alikuwa anacheka mpaka anapangusa macho na tabliye yake ya kupikia. Alikuwa ananiita radio. Mama alikuwa anasema ile radio siku moja itaungua. Papa anajibu: "Achia mutoto. Sauti iko bure."

Alors, rebellion, ile vita ya waasi, ikaingia mu muji. Mama alikuwa amevuka ngambo ya mto, ameenda kuzalia kwa mama yake, na mitumbwi ikakatazwa. Tulibaki mi na papa. Basoda ya rebellion baliingia ku nyumba ya Madame, balilala ku vitanda na viatu. Mukubwa wao aliita papa, akamuambia: "Wewe ulikuwa unapikia muzungu. Sasa utapikia wananchi." Balihitaji mwanaume, juu dawa yenye iliwakinga na masasi ya bunduki ilikuwa na sheria zake: mwanamuke asipike chakula yao, mutu asiwaguse mukono, na basikule pondu, ile majani ya muhogo ya kutwanga, hata kijiko moja. Pondu, rafiki. Ku Kisangani, kwenye banaikula kila siku. Mi nilisema ku roho yangu, hii vita haitamaliza mwaka.

Mi niliachwa nipite, juu nilikuwa kamutoto, sijakuwa mwanamuke. Nilikuwa nawaigia mukubwa wao vile anatembea, akiwa hayuko. Balipenda sana. Mwenye alinipenda zaidi alikuwa musoda mudogo kupita bote, ndevu hana, majani amefunga ku kichwa. Alikuwa ananiwekea sukari ndani ya karatasi. Aliniambia masasi ikimufikia inageuka maji. Nilimuomba anionyeshe. Akasema si muchezo.

Soko ilifunga. Bavuvi balikuwa banaogopa kushuka ku mitego yao. Ndani ya bustani kulibaki shu tu, na basoda balianza kusema mupishi anawalisha sawa sungura. Siku moja papa alichukua majani ya inje, ile migumu, akaipitisha ku moto, akaiweka ndani ya kinu, akatwanga. Akaongeza biringanya, kitunguu ya majani, pilipili, mawese nyekundu, akaiachia itokote mpaka mafuta ikapanda juu. Nilionja ku kijiko ya muti. Ilikuwa pondu. Rangi pondu, harufu pondu, hata vile inashika ku vidole. Papa alikuwa anajichekea peke yake sawa mutu mwenye ameshinda mpira. Akasema: "Madame angeona hii, angelia."

Musoda mudogo alimaliza sahani mbili, akalamba vidole. Akaniuliza: "Radio, hii mboga gani tamu hivi?"

Na mi, na mudomo yangu, nikasema: "Pondu, tonton. Umekula pondu. Dawa yako imekwisha."

Benzake balicheka. Mi nilikuwa nangoja yeye pia acheke. Hakucheka. Alisimama, akaenda ku kona ya veranda, akatapika yote, kisha akatia kidole akatapika tena. Wakati alirudia, macho yake ilikuwa ya mutoto mwenye amepotea ku soko.

Baliita papa. Papa alisema ni shu, majani ya shu. Balileta kichwa moja toka bustani, nyeupe, ya mviringo, bakamuuliza hii kitu inageukaka namna gani kuwa ile. Mi nilianza kulia, nikasema nilicheza tu, ni shu, ni shu. Mukubwa akaniangalia, akasema: "Mutoto mara ya kwanza anasema kweli. Mara ya pili anasema yenye baba anataka."

Balimuamuru papa apike tena mbele yao. Alikata shu zote zenye zilibaki, akatosha majani, akatwanga, bote bamemuzunguka na bunduki. Alipika saa moja na nusu bila kuinua kichwa. Mukubwa alionja kwa ncha ya kisu. Akatafuna. Akasema kweli ni shu, huyu mupishi iko shetani, na akacheka, na bote bakacheka. Mi nilifikiri imekwisha.

Lakini musoda mudogo alisema dawa imemutoka. Alisikia vile ilitoka, wakati ya kutapika. Mwenye aliwapaka dawa alikuwa mbali, ku musitu, na kesho yake balitumwa upande wa kiwanja ya ndege. Asubui alipita karibu yangu na bunduki yake, akaenda nao. Benzake balisema nyuma kwamba ku ile vita bengine bote balikimbia mbele, bila kuangalia nyuma, sawa dawa inataka. Yeye alisimama. Balirudisha maiti yake juu ya mulango ya mbao.

Balikuja moja kwa moja ku jikoni. Papa alikuwa anasugua sufuria. Alipangusa mikono, akatosha tabliye, akaikunja muzuri, akainama kwangu. Akaniambia: "Mama akirudia, umuambie baliniita ku kazi. Usimuambie kitu ingine. Umesikia, radio?"

Nilisikia. Balipita naye ku njia ya mto Tshopo, na ile siku hakuna mutu mwenye balipitisha kule alirudia.

Mama alivuka kisha basoda ya serikali bamekwisha kuingia mu muji, na mutoto ku mugongo. Nilimuambia baliita papa ku kazi. Alingoja miaka. Nyumba ya Madame iko na mukubwa moja sasa, alimwaga sima ya kujengea juu ya bustani yote juu ya kuweka motokari yake. Muji yenyewe imebadilishwa jina. Ndugu yangu mudogo anajua papa ku mudomo ya mama tu, na mama anamupikia mapishi ya papa: leo ndani ya majivu, kesho na lituma, kesho kutwa ile muti ya kukaranga. Anamuambia, baba yako alikuwa anafanya hivi, na hivi. Mi niko pembeni, nachekesha batu. Banasema ku hii nyumba mi peke sikuumia.

Ile shu ya kutwanga peke yake njo mama hajaijua. Iliundwa wakati yeye iko ngambo ya mto. Mara mingi nimeshika majani ya inje, ile migumu, nikaipeleka mpaka ku kinu. Kisha naipatia mbuzi. Juu mama akionja hata mara moja, ataniuliza papa alinifundisha siku gani.